Nguzo za mapambo: jinsi ya kuzitengeneza, kuzipanga na kuzisimamisha zisianguke

Mteja akija kukodi nguzo za ukumbini huuliza mambo mawili: rangi na idadi. Maswali ya kuanza nayo ni mengine: kitako kina upana gani, na nguzo nzima ina kilo ngapi? Nguzo ya mita 2.4 yenye kitako cha sentimita 35 ikisimama peke yake ukumbini hupendeza. Weka pembeni yake maharusi wanaoingia kwa kucheza, kamati inayoleta zawadi kwa foleni, mpiga video anayerudi kinyumenyume na watoto watatu wanaokimbizana, halafu uone.

Mwongozo huu ni wa wapambaji, wa kamati zinazotaka kujitengenezea, wa vikundi vya maigizo na wa wenye mabanda ya maonyesho Dar es Salaam. Tutakaa sana kwenye kitako na uzito, kwa kuwa aibu nyingi za nguzo huanzia huko.

Nguzo zilizopo sokoni

Nyingi mjini ni za plastiki zenye vipande viwili au vitatu vinavyochomekana, ndani tupu. Zinabebeka hata kwa bajaji na zinaoshwa kwa sabuni. Ubaya wake ni maungio kulegea baada ya shughuli chache, na zikiachwa juani kila siku hugeuka njano, njano ambayo hakuna sabuni inayoitoa. Nzuri kati ya hizo zina kitako kinachofunguka ili utie mchanga. Kama hakifunguki, usizikodi kwa shughuli ya nje.

Za faibaglasi ni imara zaidi na ghali zaidi. Za jipsamu, zile zinazomiminwa na mafundi wanaotengeneza maua ya dari, zina sura safi kuliko zote, lakini ni kazi ya kukaa mahali pamoja. Zikibebwa kila wiki humegeka kingo, na unga mweupe ukidondoka kwenye zulia jekundu picha zote zinauonyesha. Za foamu nyeupe ngumu, ile inayozuia TV isivunjike kwenye boksi, ni nyepesi mno: feni ya ukumbi inatosha kuziyumbisha. Foamu itumie kwa kichwa cha nguzo tu.

Kama una shughuli moja, kodi. Kama unapamba mara kwa mara, za mbao zenye mhimili wa chuma ndani ndizo zinazodumu, na maelezo ya kuzitengeneza yako hapa chini.

Kabla ya kulipa, jaribu hivi. Shika nguzo usawa wa kifua, isukume taratibu mpaka isogee kama sentimita 20, kisha iachie huku mkono mwingine uko tayari kuidaka. Ikirudi yenyewe na kutulia, chukua. Ikitaka kuendelea na safari, iache hapo hapo dukani.

Unene kwa urefu

Nguzo hizi zinaiga majengo ya Wagiriki na Warumi, na macho ya watu yamezoea uwiano wake hata kama hawajui asili yake. Kwa kanuni ambazo msanifu Vignola wa Italia alizichapisha mwaka 1562, nguzo ya mtindo wa Toskani huwa na urefu wa vipenyo 7, Doriki 8, Ioniki 9 na Korintho 10. Urefu huo unahesabu kitako na kichwa. Kwa hiyo nguzo ya Doriki yenye mita 2.4 inataka kipenyo cha sentimita 30 upande wa chini, na ya Korintho, ile yenye majani kichwani, inataka sentimita 24.

Ndiyo maana bomba la PVC la inchi 4 halifai. Kipenyo chake ni sentimita 11, sawa na urefu wa vipenyo karibu 22 kwa nguzo ya mita 2.4. Hata ulipambe vipi, mgeni ataona bomba la maji machafu lililopakwa rangi nyeupe. Litumie kwa nguzo fupi ya kuwekea maua, sentimita 80 hadi 90.

Angalia pia dari. Juu ya nguzo iachie nafasi wazi isiyopungua sentimita 60, la sivyo itaonekana kama inashikilia jengo. Kwenye hema, pima pembeni ambako turubai linashuka, usipime katikati.

Kutengeneza nguzo nne za mbao

Wengi huanza kwa kununua plaiwudi ya milimita 3 wakidhani wataikunja. Kwa kipenyo cha sentimita 30 plaiwudi ya kawaida ya milimita 3 hugoma, au hupasuka upande wa nje siku mbili baada ya kukauka. Njia isiyo na presha ni ya fito: unapanga fito nyembamba 24 kuzunguka sahani za mbao, na nafasi kati ya fito na fito ndiyo inayokupa mifereji, ile mistari ya wima iliyozama kwenye mwili wa nguzo. Nguzo za Ioniki na Korintho zina mifereji 24, kwa hiyo hesabu inakubali yenyewe.

Kwa nguzo nne zenye kimo cha mita 2.4 (kitako 15, mwili 210, kichwa 15, vyote kwa sentimita) andaa:

- plaiwudi ya milimita 9, futi 4 kwa 8, vipande 5;
- bamba la chuma la milimita 6, sentimita 60 kwa 60, vipande 4 (kila kimoja kina kilo 17 hivi);
- bomba la chuma la inchi moja na nusu, urefu mmoja wa mita 6: katakata mita 1.2, utapata vipande 5, kimoja ni cha akiba;
- gundi nyeupe ya mbao lita 2, misumari ya inchi 1 nusu kilo, puti, msasa;
- rangi ya maji isiyong'aa, galoni moja ya lita 4, na rangi ya kuzuia kutu lita 1;
- tairi kuukuu moja.

Plaiwudi peleka kwenye karakana yenye msumeno wa mezani, Keko zimejaa. Usijaribu kukata fito kwa msumeno wa mkono, zitatoka na upana tofauti na nguzo itajipinda.

1. Kwenye kila plaiwudi kati ya nne, weka alama ya sentimita 210 kwa urefu na 84 kwa upana. Hapo unakata fito 24 za upana wa sentimita 3.2, meno ya msumeno yatakula milimita 3 kila mkato, na hesabu hiyo imo ndani ya zile 84.

2. Pembeni utabaki na utepe wa sentimita 38 kwa 244. Chora humo duara 8 za kipenyo cha sentimita 28.2 na uzikate. Gundisha mbilimbili, utapata sahani 4 zenye unene wa milimita 18. Zibane kwa klampu au ziwekee matofali usiku kucha.

3. Kipande cha mwisho, sentimita 34 kwa 84, kinatoa mbao nne za sentimita 40 kwa 15, ambazo ni kuta za kitako. Plaiwudi ya tano inatoa vifuniko vya sentimita 40 kwa 40: unahitaji 8, vinne vya kitako na vinne vya kichwa, na nusu nzima ya ubao inabaki kwa ngazi ndogo za kichwa.

4. Toboa tundu katikati ya sahani na ya vifuniko vya kitako. Hapa ndipo wengi wanakosea. Bomba linaloitwa inchi moja na nusu linaweza kuwa na kipenyo cha nje cha milimita 48 likiwa la maji, au 38 likiwa lile jepesi la fanicha. Pima bomba ulilonunua, kisha toboa tundu lililozidi kwa milimita 2. Likizidi kwa 5, nguzo itainama na hutajua kwa nini.

5. Panga sahani kwenye sentimita 0, 70, 140 na 210. Piga fito nne kwanza, kama pembe nne za dira, halafu lala sakafuni uchungulie kama matundu yote yamenyooka. Yakinyooka, jaza fito tano kila robo. Kila mahali fito inapokutana na sahani tia gundi na msumari mmoja, uliotangulizwa na tundu dogo la drili ili mbao isipasuke. Kati ya fito na fito utabaki na kama nusu sentimita kwa ndani. Kata kijiti cha unene huo ukitumie kupimia, usiamini macho.

6. Chuma peleka kwa mchomeleaji, Gerezani au wa mtaani kwako. Bomba lisimame katikati ya bamba, nyuzi 90 kwa pande zote mbili, na masikio manne ya pembetatu yasiyozidi kimo cha sentimita 10 ili yafichike ndani ya kitako. Mwambie akague kwa pimamaji kabla hajachomelea mzunguko wote, kwa sababu joto la weldi huvuta bomba upande mmoja. Piga rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Hewa ya chumvi ya pwani haina subira na chuma kisichopakwa.

7. Chini ya bamba gundisha vipande vinne vya tairi, kimoja kila kona. Vinashika sakafu ya tailizi na kuzuia mikwaruzo, jambo ambalo wenye kumbi hulikagua kabla ya kurudisha amana.

Siku ya kazi unaweka bamba, unavisha kitako, unainua mwili wa nguzo na kuushusha kwenye bomba mpaka ukae juu ya kitako, kisha unaweka kichwa. Watu wawili, dakika tano. Nguzo nzima inafika kilo 38 hadi 40, na zaidi ya nusu ya hizo ziko chini kabisa.

Kichwa

Kichwa cha Doriki ni rahisi: kifuniko cha mraba juu, chini yake ngazi mbili za duara zinazopungua. Kwa majani ya Korintho, chonga foamu kwa kisu chenye makali mapya, au mpe fundi wa jipsamu akumiminie moja utakayoitumia kama mfano tu. Usiweke jipsamu yenyewe kule juu kwenye nguzo inayobebwa; kilo nane kwenye kimo cha mita 2.3 zinakula faida yote ya bamba lako.

Foamu haivumilii rangi ya kopo la kupuliza, wala gundi ya kubandikia viatu. Vyote vina kimiminika kinachoiyeyusha, na utaiona ikibonyea kama chumvi iliyomwagiwa maji. Kwanza ipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, bandika vipande vya chandarua kilichochakaa, rudia mara mbili, iache ikauke siku nzima. Baada ya hapo pitisha rangi ya maji.

Rangi

Galoni moja inatosha nguzo nne mikono miwili, na itabaki kidogo ya kufichia mikwaruzo baadaye. Ziba kingo za plaiwudi kwa puti kwanza, maana hunywa rangi kama sifongo na kubaki na mabaka. Usichague nyeupe kali: chini ya taa za video hung'aa kupita kiasi na kupoteza mistari yote, nguzo ikatoka kama mshumaa. Chagua nyeupe ya maziwa, isiyong'aa. Rangi ya mafuta inayong'aa itakurudishia kila mwako wa kamera.

Anayetaka sura ya marumaru apake rangi ya msingi, aguse kwa sifongo chenye kijivu chepesi, halafu avute mishipa kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye kijivu cheusi zaidi, huku rangi ikiwa bado mbichi. Mishipa miwili mitatu kwa nguzo. Ukizidisha inafanana na ukuta uliopata nyufa.

Nje: upepo na hesabu yake

Shughuli za ufukweni na za bustanini zimekuwa nyingi kuanzia Kigamboni hadi Bunju, na mchana upepo wa baharini huamka karibu kila siku. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna kusi juu yake.

Chukua upepo wa kilomita 36 kwa saa, ule unaoyumbisha miti midogo. Nguzo ya mita 2.4 yenye kipenyo cha sentimita 30 inasukumwa nao kwa nguvu ya takriban kilo 5.4. Nguvu hiyo inafanya kazi usawa wa nusu ya kimo. Kwa kitako cha sentimita 60, sawa na bamba letu, nguzo inahitaji kilo 22 ili isipinduke, na ukiongeza nusu yake kama akiba, kilo 33. Zile za mbao tulizotengeneza zinapita. Kwa ya plastiki yenye kilo 6, tafuta kilo 27 za mchanga. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu ina kilo 32 hivi, kwa hiyo ndoo moja kwa kila nguzo inatosha, mradi mchanga ukae chini na kitako kiwe kimepanuliwa hadi sentimita 60 kwa ubao au bamba. Ukiuacha uzito ule ule juu ya kitako chembamba cha sentimita 35, hesabu inabadilika: unahitaji karibu mara mbili.

Sasa funga kitambaa kati ya nguzo mbili zilizo mita 3, kishuke mpaka chini. Umetengeneza tanga la jahazi la mita za mraba 7.2. Upepo ule ule unalisukuma kwa zaidi ya kilo 50, na kila nguzo itahitaji zaidi ya kilo 100 chini yake ili isimame tu, kabla ya akiba. Hakuna mpambaji anayebeba uzito huo. Pazia la nyuma la nje lifungwe kwenye fremu ya chuma yenye kamba na vigingi, au liachwe. Nguzo za nje zivae maua na majani, kitambaa kibaki ndani.

Usifunge chochote kwenye nguzo za hema la kukodi kwa nia ya kuliazima nguvu, na usimruhusu mtu afungue kamba ya hema kwa sababu inaharibu picha. Unachoweza kufanya ni kuvisha nguzo ya hema: tengeneza mwili wa fito kama ule, lakini uukate nusu mbili kwa urefu, uunganishe kwa bawaba upande mmoja na ndoano upande wa pili. Unaifunga kama koti, na hema linaendelea kushikwa na kamba zake.

Mchanga wa ufukweni haushiki bamba sawasawa. Chimba sentimita 20, laza bamba, fukia, mwagia maji, kanyaga, kisha vika nguzo.

Kupanga ukumbini

Njia ya maharusi haitakiwi kuwa chini ya mita 2 kutoka kitako hadi kitako. Bwana, bibi, gauni lenye mkia, na wapambe nyuma: mita 1.5 inaonekana nyingi kwenye karatasi na ndogo sana muziki ukianza. Bamba linalochomoza sentimita 10 kila upande lifunikwe na zulia, na ukingo wa zulia ubandikwe kwa tepu pana ya kitambaa, kwa maana viatu virefu hutafuta ukingo kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye zulia la mita 12, jozi moja kila mita 3 ni jozi 5, yaani nguzo 10. Watu hugawanya 12 kwa 3, wanapata 4, wanakodi nguzo 8 na kugundua saa tisa alasiri kuwa jozi ya mlangoni haipo. Kwa njia tumia nguzo fupi, mita 0.9 hadi 1.2. Ndefu zinakata macho ya waliokaa meza za pembeni, na wageni wataishia kusimama na kuinua simu.

Kwa jukwaa la upana wa mita 6 lenye kochi la maharusi katikati, nguzo nne zinatosha. Kutoka mstari wa katikati, mbili ziwe mita 1.5 na mbili mita 2.4. Za nje zisogee mbele kidogo kuliko za ndani, kama mikono inayokaribisha. Hapo bamba la nje linabaki sentimita 30 kutoka ukingo wa jukwaa. Lakini uliza kwanza ngazi ziko wapi. Zikiwa pembeni, nguzo ya nje itakaa katikati ya foleni ya wanaopanda kupongeza, na foleni ya Dar inapanda ikicheza.

Jukwaa la kukodi ni mbao zilizounganishwa. Bamba likikaa juu ya maungio mawili, kila muziki ukipigwa ubao mmoja unashuka na mwingine unapanda, na nguzo inatembea. Baada ya nyimbo sita imehama sentimita kumi. Weka bamba lote juu ya ubao mmoja, na tia kabari pembeni mpaka pimamaji ikubali. Kunyoosha safu, vuta uzi wa mwashi kutoka nguzo ya kwanza hadi ya mwisho, zilizobaki ziguse uzi.

Maua, kitambaa na kanga

Sponji moja ya kuchomekea maua, sentimita 23 kwa 11 kwa 8, inakunywa karibu lita 2. Chungu chenye sponji nne kina kilo 8 za maji peke yake. Kwa nguzo fupi pana hiyo si shida. Kwa ndefu, tumia maua makavu au ya kitambaa, na maua mabichi uyaweke chini kwenye kitako. Juu ya kifuniko pigilia ukingo wa sentimita 1 kuzunguka ili chungu kisiteleze.

Kitambaa cha kubembea ndani ya ukumbi, kati ya nguzo zilizo mita 2.4: zidisha kwa moja na nusu, ongeza mikia ya mita 1.2 kila upande. Jumla mita 6. Shifoni na organza hubembea vizuri. Satini nzito hushuka katikati na kuvuta nguzo kwa ndani, utaona vichwa vimeanza kuongea.

Kanga inafaa kuliko inavyotumika. Mzingo wa nguzo yetu ni sentimita 94, na kanga ina urefu wa mita 1.5 hivi kwa kimo cha mita 1.1. Inazunguka mara moja na kupishana vizuri nyuma. Doti moja, kanga mbili juu na chini, inafunika mwili mzima wa sentimita 210. Pindo za juu na chini zinajipanga zenyewe kama mikanda. Jina likae mbele, na la kanga ya juu litakuwa usawa wa macho. Lisome kabla hujalifunga. Wageni wa kitchen party watalisoma wote, watalijadili, na kanga ya mafumbo iliyochukuliwa kwa kuangalia rangi tu inaweza kumfanya mama mkwe aulize nani amemtumia salamu. Bana kwa pini za nyuma, usitoboe mbele.

Taa

Nafasi kati ya fito zinakupa kitu ambacho nguzo za plastiki hazina: mwanga kutoka ndani, mistari 24. Funga utepe wa LED wa volti 12 ndani ya mwili wa nguzo bila kuziba njia ya bomba, na kabla ya kupiga fito za mwisho zungusha ndani plastiki nyeupe nyepesi ili vidoti vya taa visionekane. Utepe wa mita 5 wenye wati 14.4 kwa mita unakula wati 72, sawa na ampea 6. Nunua adapta ya ampea 7.5 au 8. Ya ampea 5 itawaka, itachemka, na itazima wakati keki inakatwa. Adapta ikae nje ya kitako, penye hewa.

Taa ya sakafuni iweke sentimita 30 kutoka kwenye nguzo, pembeni, isielekezwe kwa wageni. Mwanga wa manjano hafifu unapendeza kwa ngozi na kwa mbao. Bluu na kijani hufanya maharusi waonekane wagonjwa. Waya zipite nyuma ya jukwaa. Pale zinapolazimika kukata njia, zibandike kwa urefu wake wote, siyo vipande vitatu vya solotepu.

Mishumaa na masinia ya kupashia chakula yenye moto vikae mbali na foamu, shifoni na organza, mita moja au zaidi. Foamu inayowaka hudondosha matone ya moto.

Jukwaa la maigizo

Mtazamaji yuko upande mmoja, kwa hiyo nusu nguzo inatosha: fito 12, sahani za nusu duara, nyuma wazi. Kwa nyuma weka mhimili wa pembetatu na mifuko ya mchanga. Mwigizaji ataiegemea hata kama mwongozaji amemkataza mara tano, basi itengeneze kama ya kuegemewa. Kuongeza kina cha jukwaa dogo la shule au kanisa, pangilia za mbele mita 2.4, za kati 2.1, za nyuma 1.8, kila safu ikisogea ndani kidogo. Waigizaji wasisimame karibu na za nyuma, watageuka majitu. Mifereji ipake rangi nyeusi kidogo upande ambao taa haitoki. Kutoka safu ya kumi kivuli halisi hakionekani.

Mabanda ya maonyesho

Sabasaba, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, inaangukia msimu wa kusi na vumbi. Banda lililo wazi upande mmoja hukusanya upepo, kwa hiyo hesabu za nje ndizo zitumike. Bidhaa ya kutazamwa iwe na kitovu chake usawa wa macho, mita 1.5 hivi: chupa ya sentimita 30 inataka nguzo ya mita 1.35, kinyago cha sentimita 60 inataka mita 1.2. Bidhaa ya kushikwa na kujaribiwa ikae sentimita 90. Rangi nyeupe itakuwa ya udongo siku ya tatu, hivyo chagua rangi ya maji inayofutika kwa kitambaa kibichi, au vika mkeka wa ukili.

Kubeba na kutunza

Mwili wa mita 2.1 unazidi bodi ya kirikuu. Ukiulaza mlango wa nyuma ukiwa wazi, ufunge pande zote mbili na utie kitambaa chekundu mwishoni. Vichwa visafiri peke yake kwenye boksi. Mabamba yapange chini kabisa, bomba moja likielekea mbele na linalofuata nyuma, na godoro kuukuu kati ya chuma na mbao.

Stoo isiwe na sakafu yenye unyevu. Wakati wa masika mbao zilizolazwa chini hufura kwenye maungio ya gundi. Zisimamishe juu ya vipande vya tofali. Baada ya kila shughuli bisha kila fito kwa kidole: inayolia tofauti na wenzake imeachia gundi, na kuirudisha leo ni tone moja na msumari mmoja.